Kuondoa neno "maskini": shajara ya kijitabu cha uhalisia

12 Januari

Nimeanza rasmi. Kijitabu cha kurasa 40 kuhusu uhalisia (sanaa ya kuonyesha maisha kama yalivyo) na ndugu yake unaturalisti, wa Ulaya karne ya 19, kwa Kiswahili kitupu, kwa ajili ya kikundi chetu cha kusoma na yeyote atakayekitaka.

Chanzo chake ni ubishi. Desemba mwenzetu mmoja alisema hadithi fulani ni "ya kihalisia sana kwa sababu inasikitisha", wote wakatikisa kichwa kukubali, nami nikabisha mpaka chai ikapoa. Nikaambiwa: kama unajua, andika. Haya.

Vipande vitatu. Kimoja cha Flaubert na kimoja cha Zola, waandishi wa riwaya wa Ufaransa, nitavitafsiri mwenyewe kutoka Kifaransa (shule ya msingi nilisoma Bujumbura, Kifaransa kiliingia kwa kiboko na hakijatoka hadi leo). Cha tatu ni mchoro: yale mazishi ya Ornans ya mchoraji Mfaransa Gustave Courbet. Warusi na Wanorwe nimewaacha nje. Najua Tolstoy na Ibsen wana haki zao, ila kurasa 40 ni kurasa 40, na pesa ya uchapaji ni yangu.

Sharti nililojiwekea: nisimwongezee mwandishi neno lake asilolisema.

15 Januari

Siku nzima nimeimaliza kwenye neno moja. "Uhalisia" halina shida, kila aliyesoma fasihi kidato cha tatu analijua. Huyu ndugu yake, *naturalisme* ya Kifaransa, ndiye mwenye matatizo. Nilijaribu "uasilia". Nikamsomea mke wangu aya ya kwanza, akauliza kama ni kitabu cha dawa za asili. Nimerudi kwenye "unaturalisti". Neno lenyewe baya, lina sura ya mgeni aliyevaa viatu ndani ya nyumba, lakini halimpotezi mtu njia.

Tofauti nimeiandika hivi kwa sasa: mhalisia anakuonyesha mlevi. Mnaturalisti anakuonyesha mlevi, baba yake mlevi, babu yake mlevi, chumba wanacholala watu saba, na mshahara wa wiki mbili ulivyogawanywa. Mwalimu (mstaafu, mzaliwa wa Unguja, ndiye anayenisahihishia Kiswahili) atasema ni mzaha. Lakini Zola kweli aliandika riwaya 20 kuhusu ukoo mmoja, kati ya 1871 na 1893, ili kuonyesha damu na mazingira vinavyomsukuma mtu. Huo ndio mzaha wenyewe.

19 Januari

Courbet. Alizaliwa Ornans mwaka 1819, mji mdogo wa mashariki ya Ufaransa. Mchoro aliuanza 1849, ukaonyeshwa kwenye Saluni ya Paris ya 1850 hadi 1851, yaani maonyesho makuu ya serikali. Unaonyesha watu wa mji wake wakimzika mtu. Basi. Padri, meya, hakimu, mchimba kaburi amepiga goti, baba yake Courbet, mama yake na dada zake. Watu zaidi ya 40, kila mmoja kwa kimo chake halisi. Mbwa pia yumo, anaangalia kwingine.

Ninachotaka msomaji akielewe ni ukubwa. Sentimita 315 kwa 668. Wakati ule kitambaa cha kiasi hicho kilikuwa cha wafalme, vita, manabii na miungu ya Wagiriki. Watu wa kawaida walichorwa kwenye vipicha vya kutundika sebuleni, wakicheka au wakicheza filimbi. Courbet akachukua ukubwa wa Napoleon akawapa wauza mvinyo na wakulima wa Ornans, na wala hakuwapendezesha. Wahudumu wawili wa kanisa wenye majoho mekundu wana pua nyekundu kama majoho. Paris ilikasirika: mbaya, mbaya, mbaya. Hakuna aliyesema ni uongo.

Kurasa 3. Nimelala saa saba.

26 Januari

Balaa la steshenari. Nilipeleka picha ya mazishi nijaribishe kutoa kopi nyeusi na nyeupe, maana rangi sina uwezo nayo. Ilitoka kama kiwi ya viatu. Mchoro wenyewe ni wa giza, nguo nyeusi juu ya nguo nyeusi, na mashine ikamalizia. Yule kijana akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee, hii ndiyo picha au wino umevuja?" Nililipa hata hivyo.

Kwa hiyo kijitabuni hakutakuwa na picha ya mazishi. Lazima nitafute njia nyingine ya kuonyesha ukubwa.

1 Februari

Njia nimeipata: chaki.

Ukuta wa uzio wetu una urefu wa mita mbili na nusu kwenda juu, hautoshi. Nyuma yetu kuna gorofa la jirani ambalo halijaisha, ukuta wa tofali umepigwa plasta upande mmoja. Nikaomba ruhusa, nikapewa kwa sharti nisipigilie misumari. Leo asubuhi mimi, fundi mmoja na watoto wa mtaa tumepima kwa futikamba na timazi, tukachora mstatili wa mita 3.15 kwa 6.68.

Sikutegemea. Kitabuni hizo ni tarakimu. Ukutani ni kitu kinachokusimamia. Tukawapanga watu bega kwa bega mbele yake, wakaenea 12, na juu ya vichwa vyao bado kulikuwa na nafasi kubwa ya majabali na mbingu. Mtoto mmoja akauliza, "Mjomba, sasa aliyekufa yuko wapi?" Nikamwonyesha: kaburi liko chini katikati, limekatwa na ukingo wa mchoro, yaani liko miguuni pako wewe unayetazama. Akarudi nyuma hatua mbili.

Tatizo: kichochoro ni chembamba, huwezi kusogea mbali ukaona mstatili mzima. Ukirudi nyuma unagonga ukuta wetu. Nikakumbuka kwamba Courbet naye alichora ndani ya chumba cha darini pale Ornans, kidogo hata asiweze kurudi nyuma kuitazama kazi yake. Labda ndiyo sababu mchoro ule hauna mtu wa katikati. Jicho linatembea toka uso hadi uso, kama unavyofanya wewe mwenyewe msibani ukitafuta nani amekuja. Hilo ni wazo langu tu, lakini litaingia kitabuni.

9 Februari

Flaubert. Hapa ndipo roho yangu ilipo, nakiri.

Madame Bovary, riwaya yake ya mke anayetoka nje ya ndoa, ilitoka kwa sehemu kwenye jarida la Revue de Paris, Oktoba hadi Desemba 1856. Januari 1857 mwandishi akafikishwa mahakamani kwa kosa la kuchafua maadili na dini. Mwendesha mashtaka ni Ernest Pinard, ambaye mwaka huohuo alimshtaki pia mshairi Baudelaire. Flaubert aliachiwa tarehe 7 Februari.

Kilichonivuta ni hoja moja ya Pinard. Aliuliza: ndani ya kitabu hiki ni nani anayeweza kumhukumu mwanamke huyu? Akajijibu: hakuna. Mume anamsamehe, padri hana akili ya kutosha, na mwandishi yuko kimya. Nimeisoma mara tatu. Mtu yule aliielewa sanaa ya Flaubert kuliko wengi waliomsifu. Kosa halikuwa uzinzi, maana uzinzi umejaa kwenye vitabu vyote. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyesimama mwishoni akasema "mmeona?"

Na sisi tumelelewa na hadithi za "mmeona?" Hadithi inayoisha bila kutufundisha tunaihisi kama chakula kisicho na chumvi.

16 Februari

Nimechagua kipande: maonyesho ya kilimo, sehemu ya pili ya riwaya. Flaubert alihangaika na tukio hilo miezi mingi ya mwaka 1853. Juu, dirishani, Rodolphe anamtongoza Emma Bovary. Chini, uwanjani, wakubwa wanatangaza zawadi za mbolea na nguruwe. Sauti mbili zinapishana, "nitakukumbuka daima" na "mbolea!", na hakuna anayetuambia tucheke.

Halafu anaitwa kikongwe mmoja kupokea tuzo. Catherine Leroux. Hajulikani alipo, watu wanamsukuma:

"Haya nenda!"
"Siendi."
"Kushoto!"
"Usiogope!"
"Mjinga huyu!"

Hapo Kiswahili kimetiririka chenyewe, hata kalamu sikuinua. Ni mkutano wowote wa kijiji.

Medali ni "ya fedha". Nikimsomea Mwalimu kwa simu akanikatiza: "Fedha madini au fedha pesa?" Nikasema madini. "Msomaji wako atasikia pesa." Nikafikiri kidogo. Mtangazaji mwenyewe anataja bei palepale: medali ya fedha, thamani yake faranga 25. Kikongwe anaipokea, anatabasamu, na anasema atampa padri wa kwao amsomee misa. Nimeiacha "fedha" na utata wake wote.

17 Februari

Mikono ya Leroux. Rasimu ya kwanza, naiweka hapa nisije nikaipoteza:

*Vumbi la maghala, magadi ya kufulia na shahamu ya manyoya ya kondoo vilikuwa vimeigandisha, vimeikwangua na kuikomaza, hata ikaonekana michafu ingawa imesuuzwa kwa maji safi. Na kwa kufanya kazi mno ilibaki imefunguka nusu.*

"Imefunguka nusu." Nimeijaribu mwenyewe mezani. Mkono wa mtu aliyeshika jembe, ndoo na kamba maisha yote haufungi wala haunyooki. Bibi mzaa mama alikuwa nao.

Katika rasimu yangu ya asubuhi nilikuwa nimeandika "kikongwe maskini". Flaubert hamwiti "maskini". Nimelifuta. Kumbe nilikuwa nimeliweka mara nne katika ukurasa mmoja, mkono unaandika wenyewe. Nimetafuta faili zima: "maskini" 11, "jamani" 2, "eti" 6. Zote nje.

"Eti" ndiyo iliyoniuma kuitoa. Emma anapojiwazia kwamba sasa hatimaye atazipata zile raha za mapenzi, Flaubert haweki alama za kunukuu wala "alifikiri kwamba". Sauti ya msimulizi na mawazo ya mwanamke vimechanganyika kama maziwa na chai. Nilipoweka "eti hatimaye angezipata raha za mapenzi" ilipendeza, lakini "eti" ni msimulizi anayekukonyeza: usimwamini huyu. Bila "eti", nikabaki na "zile": *basi hatimaye angezipata zile raha za mapenzi, ile homa ya furaha aliyokwisha kuikatia tamaa.* "Zile" na "ile" zinatosha. Zile zipi? Zile za vitabuni, anazozijua yeye na anazozijua msomaji. Hakuna aliyekonyeza.

23 Februari

Jumapili nzuri kuliko zote za mradi huu, tena kwa kosa langu.

Mwalimu amesoma kipande cha Leroux. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: "Hii sentensi ya mwisho, *nusu karne ya utumishi*, umeitoa wapi? Mbona inanukia sherehe ya kustaafu, mtu anapewa saa ya ukutani?"

Nikarudi kwenye Kifaransa. Mtangazaji anasema miaka 54 ya *service* katika shamba lilelile. Msimulizi, anapomwonyesha kikongwe mbele ya wale mabwana waliochanua kwa furaha, anasema nusu karne ya *servitude*. Mimi nilikuwa nimeandika "utumishi" kote kuwili, kwa woga. "Utumwa" ni neno zito huku pwani, halitumiki kama chumvi.

"Lakini ndivyo alivyosema?" akauliza Mwalimu.

Ndivyo. Halafu nikaona kitu cha tatu. Kwenye mikono, pale nilipoandika "kwa kufanya kazi mno", Kifaransa kinasema mikono ile *imetumika*: ni kitenzi kilekile cha *service*. Flaubert ametembeza shina moja kwenye tukio moja, kutoka mdomoni kwa mtangazaji, kupitia mikononi, hadi kwa msimulizi. Nami nilikuwa nimelivunja vipande.

Na Kiswahili kinalo! Utumishi, kutumika, utumwa: yote ni watoto wa *tuma*. Tena "kutumika" kwetu ni mtu anayehudumu na ni kitu kinachochakaa kwa matumizi. Sikulazimika kubuni chochote. Sasa inasomeka: miaka 54 ya utumishi katika shamba lilelile, mikono ambayo kwa kutumika mno ilibaki imefunguka nusu, na mbele ya mabwana wale, nusu karne ya utumwa.

Nilimpigia Mwalimu saa hiyohiyo kumsomea. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa hapo bwana amesema kitu." Kweli. Hapo Flaubert ameuvunja ukimya wake, kwa neno moja, baada ya kukaa kimya aya nzima. Ndiyo maana linapiga. Mimi ningekuwa nimeshamaliza risasi kwenye "maskini" ya kwanza.

Kurasa 17.

8 Machi

Zola. Nimemwogopa kwa sababu ya nadharia yake, basi nimeanza na hiyo niimalize haraka. Mwaka 1865 mtaalamu wa fiziolojia Claude Bernard alichapisha kitabu chake kuhusu tiba ya kimajaribio. Mwaka 1880 Zola akachapisha *Le Roman expérimental*, akidai mwandishi wa riwaya naye ni mtu wa maabara: unamchukua mhusika mwenye damu fulani, unamtia katika mazingira fulani, unaangalia kitakachotokea.

Ni mtihani unaoutunga mwenyewe, unaufanya mwenyewe, unausahihisha mwenyewe na kujipa alama 100. Nimempa nusu ukurasa.

10 Machi

Lakini mtu yule alikuwa anakwenda kuangalia. Februari 1884 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Anzin, kaskazini ya Ufaransa, waligoma. Mgomo ulidumu siku 56. Zola alifika mgomo ukiwa mbichi, akazunguka kwenye nyumba zao, akashuka shimoni na daftari lake. Tarehe 2 Aprili, siku aliyotimiza miaka 44, akaanza kuandika Germinal, riwaya yake ya mgomo wa wachimbaji. Akamaliza Januari 1885. Alichokiona mwaka 1884 akakirudisha nyuma hadi miaka ya 1860, enzi ya Napoleon wa Tatu. Sheria ya Mei 1874 ilikuwa imeshakataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi, kwa hiyo Catherine wake wa miaka 15, msukuma vitoroli, anawezekana tu akiwekwa kabla ya hapo. Undani wa namna hiyo naupenda kuliko maabara zote.

Jina la kitabu sitalitafsiri. Germinal ni mwezi wa kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, Machi kuingia Aprili, mbegu zinapochipua. "Mwezi wa Machipuko" kungekuwa kuzuri kwa shairi la chekechea.

15 Machi

Msamiati wa mgodi sina. Nimempigia baba mdogo, ambaye alichimba dhahabu Geita miaka mingi kabla mgongo haujamkatalia. Nikamweleza kila kitu, yeye akanipa jina.

Msimamizi wa shimoni: nyapara. Hakufikiria hata sekunde. Mlima wa taka za mgodi: kifusi. Magogo ya kuzuia dari isianguke: matimba. Nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, zote sawasawa, ukikohoa jirani anasikia: "Hizo ni kota, mwanangu." Hakika ni kota. Nilikuwa nimeandika "makazi ya wafanyakazi" kama taarifa ya wizara. Shimo lenyewe wao waliita duara, lakini duara la Geita ni la kamba na mikono, na la Zola lina injini ya mvuke na kina cha mita 554. Tumekubaliana libaki "shimo".

Nikamweleza kisa cha mgomo kitabuni. Wachimbaji wanalipwa kwa kitoroli cha makaa. Kupiga matimba hakuna malipo yake, kwa hiyo wanapiga machache na kwa haraka, na dari inaanguka. Kampuni inakuja na hila: tutalipa matimba pembeni, lakini kitoroli kinashuka kutoka santimu 50 hadi 40. Ukipiga hesabu, wamekatwa.

Sikumaliza. "Wakagoma," alisema.

"Wakagoma, baba mdogo."

"Matimba ndiyo ugomvi wa kila siku. Mtu anakwambia nimekuletea usalama, kumbe amekata mfuko wako." Halafu akauliza kama huyo bwana alikuwa mchimbaji. Nikamwambia hapana, alikwenda na daftari. Akaguna kwa namna ambayo nimeamua kuichukua kama sifa.

22 Machi

Kipande kilichochaguliwa: kushuka kwa farasi. Migodini farasi walivuta mabehewa chini kwa chini na wengi hawakuliona jua tena. Kitabuni yupo Bataille, mweupe, miaka kumi yuko huko chini. Siku hiyo wanamshusha mpya, Trompette, umri miaka mitatu tu. Anafungwa katika wavu, ananing'inizwa chini ya kizimba. Mwanzoni anatapatapa, ardhi inapotoweka chini yake anaganda kabisa, jicho limetoka, hata ngozi haitetemeki. Inachukua karibu dakika tatu. Chini, Bataille anamsogelea, ananusa, na anachokinusa ni harufu ya nje, ya majani yaliyopigwa na jua.

Nimemsomea baba mdogo kwa simu, spika wazi.

"Na juu hapandi tena?"

"Hapandi. Atapandishwa akishakufa."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. "Soma pale pa kunusa tena."

Nikasoma tena.

29 Machi

Jambo la kuandika katika utangulizi wa Zola, maana linanisumbua: huyu mtu wa maabara amedanganya, na amefanya vizuri. Shimo lake lina jina, Voreux, ambalo kwa sikio la Mfaransa ni ulafi mtupu. Linapumua. Limejikunja kama mnyama. Asubuhi linameza watu, ishirini kwa mkupuo, thelathini kwa mkupuo. Neno lake ni lile la chakula kinachojaza kinywa mara moja. Nimeandika matonge: *shimo lilimeza watu kwa matonge ya ishirini na thelathini.* Naona vidole vikiviringisha ugali.

Hiyo si sayansi. Ukipeleka kwa Claude Bernard atakufukuza. Lakini kabla ya matonge hayo umeshapewa saa ya kuamka (saa kumi alfajiri), watoto saba ndani ya kota namba 16, na mzee Bonnemort mwenye miaka 58, aliyeshuka mara ya kwanza hajatimiza minane, anayetema mate meusi na kusema ana makaa ya kutosha mwilini kuota moto mpaka afe. Ukishaamini mate hayo, mnyama unammeza bila maji.

Kwa hiyo yule mwenzetu wa Desemba nimempata wapi alipokosea, na mimi nilipokosea pia. Nilimwambia uhalisia ni kuandika bila hisia. Nilikuwa natafuta neno. Hisia zimo tele. Kinachoangaliwa ni nani analipia gharama yake, na kwa kitu gani. Flaubert analipa kwa mikono, Zola analipa kwa santimu 10, Courbet kwa mita 6.68. "Maskini" ni kukopa.

(Sentensi hiyo ya mwisho Mwalimu ameikata kwa kalamu nyekundu. "Unajisikia sana." Kijitabuni haitakuwamo, hapa ni kwangu.)

12 Aprili

Kurasa 38. Mbili zilizobaki nimeziacha kwa ajili ya mambo madogo: *Wavunja Mawe* wa Courbet, uliokuwa Dresden na ukaangamia vitani mwaka 1945, kwa hiyo tunaujua kwa picha tu, na deni lake. Baada ya Komuni ya Paris ya 1871, yaani serikali ya waasi wa mji ule, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuangushwa kwa Nguzo ya Vendôme, mnara wa ushindi wa Napoleon, kisha akadaiwa gharama za kuisimamisha upya, faranga zaidi ya 323,000. Akakimbilia Uswisi, akafa huko tarehe 31 Desemba 1877, kabla hajalipa hata awamu ya kwanza.

Steshenari wamenipa bei ya kopi 60, na kubana kwa stepla. Nimepunguziwa kidogo kwa sababu ya ile kiwi ya Januari. Kijana bado anaikumbuka.

26 Aprili

Tumekisoma kijitabu kwa sauti, jioni, kwenye kichochoro, mbele ya ukuta wa chaki. Mvua za mwezi huu zimefuta upande wa kulia wote, wanawake wa Ornans wameondoka. Upande wa padri umebaki. Watu walikuja 23, baadhi wamefuata kahawa.

Nilisoma Catherine Leroux mwenyewe. Nilipofika "kwa kutumika mno ilibaki imefunguka nusu", mama mmoja nyuma, muuza vitumbua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maskini wee." Sikuwa nimefika kwenye "utumwa". Nikasubiri kidogo, nikaendelea.

Zimechukuliwa kopi 19, zimebaki 41. Ukurasa wa 22 "matimba" imeandikwa "matimbwa", ya kurekebisha. Baba mdogo anataka aletewe cha kwake, na ameuliza kama sehemu ya farasi ipo yote au nimeifupisha. Ipo yote.